Karatasi Iliyowaka Nyuma Yako

Huế, siku ya kumi na nane ya mwezi wa mwisho

Kwako Dada Trâm,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba upepo wa Nha Trang haujamrudishia mwanao Bống kile kikohozi. Sisi huku tu salama. Mvua ya Huế unaijua: imeingia wiki ya tatu, na hata hariri kwenye kibanda cha Mama imeanza kunuka unyevu. Nakuandikia kwa kalamu, wala si kwa simu, na sababu yake utaiona mbele.

Kwa miaka minne kazi yangu Saigon ilikuwa kuwafuatilia watu waliotaka kununua wakaghairi. Mtu anachagua viatu mtandaoni, anavitia kikapuni, kisha anaondoka. Mimi ndiye niliyemwandikia. Kwanza unamkumbusha alichokiacha. Kisha unamwambia kwamba wenzake wamekwisha kununua. Mwisho unamtia hofu kuwa vimebaki viwili tu. Chuoni tulifundishwa kwamba hofu ya kukosa humsukuma mtu kuliko tamaa ya kupata, nami niliamini, kwa sababu takwimu zilikubali. Sikujiuliza hao waliorudi walirudi na moyo gani.

Niliporudi nyumbani mwezi wa kumi kumsaidia Mama, nilikuta kibanda kimepoa na yeye hamfuatilii mtu. Mteja akiuliza bei akaenda zake, Mama huendelea na kazi yake. Na akiwa ndiye wa kwanza wa asubuhi, yule anayeifungua siku, Mama hufanya lile unalolijua: huwasha kipande cha karatasi na kukipitisha juu ya vitambaa, ili mkosi wa aliyeondoka mikono mitupu usibaki pale.

Asubuhi moja mwezi uliopita, mteja wetu wa kwanza, mwanamke mwenye koti la mvua la kijani, alipapasa hariri ya rangi ya chai, akauliza bei, akaguna, akaondoka. Nilimkimbilia. Nilimkuta kwenye ngazi za soko, nikamwambia kwamba rangi ile imebaki kipande kimoja tu, ingawa vilikuwa vitano, na kwamba nitampunguzia. Alicheka, akasema, “Wewe binti, ulimi wako unamtoa nyoka pangoni!” Nikamshika mkono nikamrudisha. Tulipofika, Mama alikuwa ameinamia hariri ile ile, karatasi inawaka mkononi, anafukuza mkosi.

Shangazi Lài, muuza vifungo wa jirani yetu, hakuweza kujizuia. “Makubwa haya! Binti anavuta huku, mama anafukuza kule! Ndiyo elimu ya chuo kikuu hiyo, Quyên?” Kila mtu aliangua kicheko, isipokuwa yule mwanamke. Alimtazama Mama, akamwambia taratibu, “Kumbe mkosi ndiye mimi, mwenzangu? Nimetoka kwangu salama, nikaja kuwa nuksi kwako?” Akafunga koti lake, akaenda.

 Mama aliishika ile karatasi mpaka ikamuunguza kidole. Jioni, tulipokuwa tukifunga kibanda, akaniambia bila kunitazama, “Trâm naye aligeuka akaona.”

Sikuhitaji kumuuliza uliona nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni asubuhi ile, miaka saba iliyopita, ulipokataa kurithi kibanda ukachukua mkoba wako, na Mama akawasha karatasi kwenye kizingiti nyuma yako, kana kwamba wewe ni mteja aliyeharibu siku. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ningeweza kuipuliza ikazimika. Sikuipuliza.

Tangu jioni ile Mama hajachoma karatasi tena. Na wiki mbili baadaye yule mwenye koti la kijani alipita. Mimi nilikwisha kufungua kinywa. Mama akanikanyaga mguu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukunja vitambaa, akasukuma kigoda kwa wayo wake, akauliza, “Umeshakula?” Yule mwanamke akasimama kidogo, akaketi, akasema bado. Walikula wali wa kome wadogo wa mtoni kutoka bakuli moja la Mama, na hariri ikanunuliwa bila yeyote kuitaja ile asubuhi. Nilipomuuliza Mama kwa nini hakumtazama, alinijibu kama anayemfundisha mtoto: “Anayerudi keshaona haya tayari. Ukimtumbulia macho, unamwaibisha mara mbili.”

Sitaki kudai kwamba nimepata kanuni. Mteja mmoja si ushahidi, na huenda alihitaji kitambaa tu. Lakini neno lile halijaniacha, kwa sababu kuna mtu niliyekuwa nikimtumbulia macho kwa miezi miwili.

Dada, zile jumbe sita za simu ulizopokea kwa jina la Mama niliziandika mimi. Mama hana habari nazo. Ule uliokwambia kwamba kitanda chako bado kimetandikwa ulikuwa wa kukukumbusha ulichokiacha. Ule uliotaja binamu zetu wote waliokwisha kuja ulikuwa wa kukuonyesha wenzako. Na ule wa mwisho, wa daktari na mapafu, niliutuma siku ya pili baada ya Mama kutaja jina lako, kwa sababu niliona wakati umefika wa kukwambia kwamba kimebaki kidogo. Mama si mgonjwa. Ulipojibu kwamba umekata tiketi ya treni ya mkesha wa Tết, mwaka wetu mpya, nilifurahi kama nilivyokuwa nikifurahi Saigon, kisha nikaona aibu ya furaha ile.

Basi ukitaka kuirudisha tiketi, irudishe. Mama hajui kwamba unakuja, kwa hiyo hakuna atakayekungoja akavunjika moyo, ila mimi, nami nastahili.

Limebaki jambo moja, na nimesitasita kuliandika, maana naona linaweza kusomeka kama ujumbe wa saba. Juzi Shangazi Lài alimuuliza Mama amemwalika nani kuwa mguu wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumbani asubuhi ya mwaka mpya. “Chagua vizuri, mwenzangu, mwaka mzima umo katika mguu huo. Mwaka jana ulimwita yule mwalimu, biashara ikalala! Mwite mume wangu, ana nyota.” Mama alisema mwaka huu nafasi ina mtu. Shangazi akamchokoza, nani huyo, mchumba? Mama akaendelea kukunja. Hakutaja jina, nami sikuuliza. Huenda ana mtu mwingine kabisa akilini. Nakuandikia nilichokisikia, si ninachokitumaini.

Lakini ikiwa utakuja, na ukamkuta hainui kichwa, usidhani ni hasira. Tazama mguu wake, kama unasukuma kigoda.

Msalimie shemeji, na umbusu Bống kwa niaba ya mama yake mdogo ambaye hajamwona. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, niandikie tu kwamba barua imefika.

Ni mimi mdogo wako,
Quyên