Kumpokea Kornelius

Jumatatu, 4 Machi

Mzee Wiebe, kiongozi wa kanisa letu, alikuja mchana, theluji hadi magotini. Nikampa kahawa. Alizungumza weee habari za ng'ombe, mwisho akalitoa: Kornelius Penner anaomba kubatizwa na kupokewa kanisani.

Kornelius! Aliyemgonga na kumuua mume wangu Jakob kwa gari, amelewa, miaka mitatu iliyopita. Katoka jela Oktoba.

Kwetu hapokewi mtu mpaka washirika wote wakubali. Mmoja akikataa, basi. Jumapili tutaulizwa. Mzee hakuniambia niseme nini. Alisoma tu pale Bwana anaposema saba mara sabini, akaifunga Biblia taratibu.

Nilifurahi. Naandika hivi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Neno langu moja tu, naye atabaki nje maisha yake yote.

Jumanne, 5 Machi

Helena kapiga simu. Habari zimeshamfikia binti yangu huko mjini Winnipeg. Anataka nisimame nikatae, maana Baba yake hana mdomo wa kujisemea. Nikamwambia kisasi ni cha Bwana. Akasema, "Basi Bwana akutumie wewe." Nikacheka — kisha nikaona haya.

Atakuja Jumapili.

Alhamisi, 7 Machi

Baba Yetu. Nikifika "kama sisi nasi tuwasamehevyo", sauti inakatika. Leo mara nne. Naruka, naendelea na "usitutie majaribuni".

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwake. Peke yangu.

Anafanya kazi zizini kwa mjomba wake, nje kidogo ya kijiji. Aliponiona alivua kofia. Kijana bado, ila amekonda, mashavu yameingia ndani. Nilikuwa na swali moja: Jakob alikufa papo hapo, kama alivyoeleza mahakamani?

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Hapana, mama. Alikuwa akiongea. Alisema, 'Usiniache.' Nikaogopa polisi. Nikaondoka."

Ng'ombe walikuwa wakitafuna. Nikamuuliza kwa nini ananiambia leo, kesho yake kura. Akasema hawezi kuingia majini na uongo ule, na nikimkataa, ni haki yangu.

Nikajikuta nimeshika uma wa nyasi. Sijui niliuokota saa ngapi. Yeye aliuona, hakusogea. Nikauegemeza ukutani, nikatoka.

Jakob. Barabarani, kwenye baridi ile. Akiomba.

Jumapili, 10 Machi

Mzee Wiebe aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyegeuka, lakini wote walikuwa wakinisikiliza mimi.

Nikasimama. "Sijamsamehe," nikasema. "Najaribu, sijaweza. Lakini msimfungie mlango kwa ajili yangu."

Nikakaa. Kornelius alifunika uso kwa viganja. Sikumwonea huruma. Wanasema ukishatamka, moyo unakuwa mwepesi. Wangu haujawa. Pasaka atabatizwa, tutakula mkate mmoja, na sijui kama utanipita kooni.

Helena aliniendesha hadi nyumbani. Kumbe pale kanisani kuna mtu alimnong'oneza kwamba jana nilikuwa kwa akina Penner. Tumeingia jikoni, hata koti hajavua, akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, alikuambia nini kuhusu Baba?"

Nimemwambia nakuja. Nimeketi kitandani, naandika. Akijua, hatamsamehe Kornelius kamwe, labda hata mimi niliyemfungulia mlango. Nikificha, nimekuwa kama yule kijana mahakamani.

Nasikia amevuta kiti. Amekaa. Ananingoja —