Gari la Kuja Mbinga

Maji ya Chai, Arusha
9 Julai

Mdogo wangu Anaeli,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa. Mguu unaendeleaje? Nasikia sasa unatembelea mkongojo. Vizuri, ila usijitie ujasiri, wewe mbishi tangu utoto. Sisi huku wazima. Baridi ya mlima inauma mifupa, kahawa imeanza kuiva, ndizi zipo. Uvumilie mwandiko wangu, niliishia darasa la tatu. Ningepiga simu, lakini simu yako anapokea mkwe wako na kuweka spika, na haya si ya kusikia ukoo mzima.

Salamu zako nimezipata, na matusi yake. Umesema Richard, mume wa Vaileth wangu, ni mtu wa maneno matupu, amekuahidi tunakuja, ukapaka chumba chokaa, ukatenga mbuzi, halafu kimya. Sasa nyamaza nikueleze.

Richard ni fundi wa magari ya watalii hapo mjini. Tajiri yake ana gari moja ambalo ni nyumba kabisa yenye matairi. Lina vitanda, jiko la gesi, sinki, hata mapazia. Akamwazima kwa likizo yake yote. Richard akasema mama hatabanwa kwenye basi, atasafiri amenyoosha miguu mpaka kwa mdogo wake. Miezi miwili wakawa wanakuja kwangu kila Jumapili na ramani. Siku ya kwanza tulale Dodoma, ya pili Makambako, ya tatu tupite Njombe na Songea, jioni tuko kwako. Wajukuu waligombania kitanda cha juu mpaka nikawachapa kwa kanga. Mimi nikapewa cha chini, karibu na mlango, na Vaileth akanishonea foronya. Miaka kumi na tisa sijakuona, Anaeli. Nilijifanya nimechoshwa na kelele zao, kumbe nahesabu siku.

Zilipobaki wiki mbili nikaleta neno. Nikawaambia mama mkwe halali chumba kimoja na mkwe wake, na gari lile ni chumba kimoja. Unajua kwetu hilo si mzaha. Richard hajawahi kulala chini ya bati langu, hata kwenye msiba wa marehemu mume wangu alilala kwa jirani. Nilidhani yameisha. Kumbe yule kijana akasema mama amesema kweli, akaenda kununua hema alale nje. Nikasema hema likiwa kando ya gari nitamsikia akikoroma, ni yale yale. Akasema basi, kila mji atatafuta gesti. Kila nilipoziba alizibua, tena kwa adabu, na adabu yenyewe ikanikasirisha zaidi.

Jumapili ya mwisho alikuja mzee wa kanisa, Manase, kutuombea safari. Kabla hajafumba macho nikasema, watu wote wanasikia, kwamba siwezi kubebwa kama gunia na mwanamume aliyemchukua binti yangu bila kuleta blanketi la mama mkwe kwenye mahari. Chai ilipoa mikononi mwa watu. Vaileth akalia. Richard alikunja ramani yake, akaniaga, na kesho yake akarudisha gari.

Blanketi alileta, Anaeli. Alileta mawili. Ndiyo ninayojifunika.

Sasa soma hapa ukiwa peke yako. Haikuwa mila. Tangu mwaka jana nikilala mkojo unanitoka, sijui mpaka nishtuke nimelowa. Nalalia nailoni. Shuka nafua kabla watu hawajaamka, naanika nyuma ya migomba. Hospitali sijaenda, nimwambie nini daktari mwenye umri wa wajukuu zangu? Nilifikiria kitanda kile karibu na mlango, wajukuu juu yangu, Vaileth akikunja shuka asubuhi. Nikaona bora mkwe wangu aonekane mtu ovyo kuliko mimi kujulikana. Ndivyo nilivyo, usinipunguzie.

Wiki iliyopita nilikata jani la isale, nikalificha kwenye kanga, nikaenda kwao Sekei kuomba msamaha kama tunavyoomba sisi. Richard mwenyewe alinifungulia geti, akaniamkia, akanitolea kiti cha mgongo. Nikakaa. Nikasema nimewaletea ndizi. Nikala, nikanywa, nikawakosoa jinsi wanavyolea watoto, nikaondoka na isale langu kifuani, limenyauka.

Mimi kusema nimeshindwa. Mdomo wa kutukana ninao, huu mwingine sina. Kwa hiyo nakutuma, mara ya kwanza maishani mwangu nakuomba kitu. Mpigie Vaileth. Mwambie yote, na la mkojo, usilipambe. Mwambie amweleze mumewe. Mbuzi wako usimchinje wala usimuuze. Ila unijulishe siku utakayopiga, ili siku hiyo nisijifanye nimeenda shambani. Nitakaa mlangoni, waje wanikute.

Msalimie shemeji na wote wa hapo kwako. Mungu akutunze mguu huo mpaka niuone kwa macho yangu.

Ni mimi dada yako,
Eunike