Kamba Ndani ya Mchaichai

Mpendwa Bi Mishi wa redioni, salaam aleikum, naomba unisaidie upesi, na kama utacheka basi cheka ukishamaliza kusoma. Mimi ni mzee wa hapa Waa, shule niliiacha darasa la nne baada ya mimi na mwalimu kuchokana, lakini kwa mchaichai hakuna wa kunifundisha, shina langu liko chini ya dirisha la chumba cha uani, limenenepa hata mtu mmoja halikumbatii, na nusu ya mtaa wamechukua miche kwangu kwa sababu niliwaambia penye mchaichai nyoka hapiti, mpaka barazani wananiita Daktari. Sasa chumba hicho anakaa mpangaji, Jacinter, binti wa bara anayefua mashuka kwenye hoteli moja Diani, na siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee, huku hakuna nyoka? Mimi nikiona nyoka nakufa," nikamjibu, "Mwanangu, lala na mlango wazi."

Wiki iliyopita jua limeshazama nikaona kitu cheusi, kinene, kinaingia kwenye mchaichai, kinajivuta taratibu kama mwenye nyumba, na Jacinter huyo anakuja na kisu kukata majani ya chai. Wewe ni mtu wa pwani Bi Mishi, unajua giza likiingia yule mdudu hatajwi jina, akitajwa huitika, huitwa kamba tu, nami nikapiga kelele, "Usiguse! Kuna kamba humo!" Akasema, "Aki asante mzee, nilikuwa nataka tu kamba ya kuanikia nguo," akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kulisema lile jina, ulimi ukagoma. Akautoa mkono mzima, akaniambia, "Siioni. Nitaitafuta kukiwa na mwanga."

Asubuhi niliona gamba, refu kunishinda mimi. Tangu hapo naamka kabla yake, nakata majani kwa panga nimesimama mbali, namwekea mlangoni ili asisogee pale, na mke wangu Mwanafatuma ameanza kuniuliza, "Yale maua ya mpangaji umeshapeleka?" Nikimwambia Jacinter ukweli nitakuwa mwongo mtaa mzima, na Ijumaa nakwenda harusini Majoreni, sitakuwepo kumkatia majani, na kila akinipita ananikumbusha bado anaitaka ile kamba. Silali. Nifanye nini? Jina langu usilitaje, Mwanafatuma hukusikiliza akikuna nazi.

BI MISHI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu, nakuamkia kwa ajili ya umri tu. Barua yako imefika asubuhi hii, nami nimeitanguliza mbele ya wote wenye matatizo ya ndoa. Pole. Hofu yako ni ya kweli, hata mimi mwili umenisisimka. Lakini usiku ulisema kamba kwa desturi. Mchana je, jua likiwaka, ulimi uligoma nini? Unaogopa kuchekwa barazani kuliko unavyouhofia mkono wa mtoto wa watu.

Nani alikudanganya? Mchaichai ni nyasi. Harufu yake humkera mbu kidogo na chai hunoga. Nyoka hajali. Yeye hutafuta kivuli na chakula, na wewe shina hujaligawa miaka, majani makavu yamejaa chini, panya wamelala humo, na sitashangaa kama kuku wako anatagia humo humo. Umemjengea hoteli, Daktari!

Usichome moto, usichokoe kwa fimbo. Leo hii waite watu wa wanyamapori wanaojua kumkamata. Akishatolewa, vaa gambuti, kata majani yote, ng'oa shina zima, pasua vichipukizi vyenye mizizi, ukapande mbali na dirisha na mlango, kila mche na nafasi yake hata uione ardhi katikati. Makavu yaondoe kila mara. Kisha pita kwa wote uliowapa miche, uwaambie kwa kinywa chako. Harusi itakusubiri.

Wewe mama unayekuna nazi, mumeo hana mchumba, ana woga.

Na jina lako, mzee, nimelificha kama ulivyoomba. La mpangaji hukusema nilifiche. Jacinter wa Waa, mwanangu, kama redio iko wazi hapo kwenye mashuka: ile kamba si ya kuanikia nguo. Ni nyoka. Leo chai tia tangawizi.