Jina Lililotafutwa Jumapili Jioni

Nawasihi, neno lolote mtakalosoma hapa lisitoke. Msilinakili, msipige picha ya skrini, msimsomee mtu hata kama ni mume. Ukurasa huu nimeufunga kwa nywila, na wanaoijua ni nyinyi tu niliosoma nanyi. Hakuna hata mmoja wenu anayeishi hapa Birmingham. Majina yote nimeyabadilisha. Hata hivyo najua kuandika tu ni kosa, na nikigunduliwa sitakuwa na la kujitetea. Lakini nisipoandika nitalia mbele za watu.

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokupa sababu ya kufungua mwavuli lakini yanakulowesha mpaka soksi. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye duka la mashine za kufulia hapa Nechells, nguo zangu zikizunguka. Nimeleta nguo zilizokuwa safi. Nilitaka tu kukaa mahali penye kelele.

Kazi yangu mnaijua kijuujuu. Polisi wa eneo hili lote hutumia mtandao mmoja wa mawasiliano. Ndio unaobeba sauti za redio zao, na ndio unaowafungulia taarifa za mtu wakimtafuta kwa jina. Ofisi yetu ndogo huusimamia. Sisi si polisi. Kila mwezi kompyuta huchagua kwa bahati nasibu baadhi ya majina yaliyotafutwa, nasi makarani tunauliza swali moja: aliyelitafuta jina hili alikuwa na sababu ya kikazi? Ikiwepo, unabonyeza "Imeridhisha" na kuendelea. Isipokuwepo, jambo linapelekwa juu, na huko juu watu hupoteza kazi. Wengine hufika mahakamani.

Jumanne niliangukiwa na jina la Peter Mwangi.

Peter ni mchumba wa Shiru, binamu yangu. Jumapili moja ya mwezi uliopita tulikutana Sutton Coldfield, nyumbani kwa mama yake Shiru, Auntie Wanja, kupanga siku ya kuwapokea wazee wa akina Peter waje kuzungumza mahari. Chapati zilikuwa mezani, chai imekolea tangawizi, na Auntie hakuwa na raha.

"Huyu kijana tunamjua meno tu," alisema. "Anacheka vizuri. Lakini kwao ni watu gani?"

Nyumbani Kenya angetumwa mtu mzima mmoja, apite pole pole kwa majirani zao kama anayetafuta ng'ombe wa kununua, na jioni angerudi na historia ya ukoo mzima. Hapa utapita kwa jirani gani? Jirani hajui hata jina la paka wako. Ndipo Auntie akanigeukia.

"Wewe si uko kwa polisi? Si umwangalie kwa kompyuta."

"Auntie, siko kwa polisi. Mimi huwachunguza wanaochunguza."

"Sasa si uchunguze!"

Meza nzima ilicheka. Aliyecheka zaidi ni Mama Imani. "Mwacheni huyu," alisema. "Hata akikanyaga nyasi za watu huenda kujishtaki mwenyewe."

Mama Imani ndiye aliyenipokea nilipokuja kusoma. Nilikaa kwake Hodge Hill, kwenye chumba cha bintiye, majira yote ya baridi ya kwanza. Koti ninalovaa mpaka leo ni lake. Na anafanya kazi kwenye chumba cha redio cha polisi: askari akiwa barabarani akauliza habari za mtu, yeye ndiye humtafutia na kumjibu.

Jumapili ile aliondoka mapema, alikuwa na zamu ya jioni. Auntie alimsindikiza hadi kwenye gari. Niliwaona dirishani wakizungumza kwa muda mrefu, Auntie ameinamia mlango. Nilidhani ni mambo ya kanisa.

Siku chache baadaye Auntie alisimamisha kila kitu. "Tumeyajua ya huyo kijana," alimwambia Shiru, na hakuongeza neno. Peter alikuja, hakufunguliwa mlango.

Sasa mmeelewa kilichonifika Jumanne. Jina la Peter lilitafutwa Jumapili ileile jioni. Aliyelitafuta ni Mama Imani. Kwenye nafasi ya sababu aliandika kwamba askari aliomba kwa redio.

Askari akiomba kwa redio, sauti yake hubaki. Basi niliitafuta. Nilivaa vipokea sauti masikioni nikasikiliza kipande kile chote. Kulikuwa na askari wawili wanazozana kuhusu mbwa aliyekuwa akizurura barabarani, halafu kimya. Nilirudia. Mbwa, halafu kimya. Hakuna aliyemuulizia Peter Mwangi.

Ningeishia hapo pengine ningebonyeza "Imeridhisha" na kumwachia Mungu. Nasema kweli. Kidole kilikuwa tayari.

Lakini niliona jambo la pili. Jina lile lilileta watu wawili, na Mama Imani alimfungua wa kwanza tu. Mwaka wa kuzaliwa unaonekana: ni mtu anayekaribia hamsini. Peter wetu ametimiza thelathini juzi juzi, keki niliipamba mimi. Yeye mwenyewe hututania kwamba kwao ukisimama uani ukaita Peter Mwangi, zinaitika nyumba nne, kwa sababu kila mtoto wa kiume wa babu yao alimpa kifungua mimba wake jina la mzee, la ubatizo na la ukoo. Huyo mwingine ni binamu yake au ni mtu baki, sijui. Amefanya nini, sijui pia, siruhusiwi kufungua.

Mama Imani ni Mkikuyu kama sisi, na kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake. Alipaswa kulifikiria hilo kabla ya mtu yeyote. Nadhani aliogopa na kuharakisha.

Kwa hiyo kijana wa watu amefungiwa mlango kwa makosa ya mtu mwingine, na mimi ndiye pekee ninayejua.

Leo mchana Shiru amenitumia ujumbe: "Kama kuna kitu unajua, niambie tu. Nitavumilia." Nimeandika, "Si yeye." Nimefuta. Nikimwambia, nitakuwa nimetoa habari kwenye mtandao wa polisi nikaipeleka nyumbani kwa Auntie. Nitakuwa nimefanya kilekile alichofanya Mama Imani, tofauti ni kwamba mimi ningekuwa sahihi.

Mama Imani naye amenipigia saa ya chakula. "Umenyamaza wewe. Umepata mchumba ama umepata dhambi?" Nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Akasema amepika githeri, nipite nichukue. Nikasema nina kazi nyingi.

Bwana Harjit, mkubwa wangu, ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake bado ni kile cha dukani kwa baba yake. Amepita mezani pangu jioni. "Ile moja bado? Kwa nini wewe nakalia kama kuku na mayai? Kesho asubuhi leta kwa mimi." Alikuwa anatania.

Ninaogopa. Ninamwogopa Auntie, ninaogopa kanisa zima litakavyonitazama, ninaogopa swali la kwa nini nimekaa na jambo hili tangu Jumanne. Lakini ninachokiogopa zaidi ni sura ya Mama Imani atakapofahamu ni nani aliyesikiliza.

Kuna njia moja tu ambayo Peter anaweza kusafishwa bila mimi kuiba habari. Ni jambo hili lifike juu, lichunguzwe, na wenye mamlaka wamwambie wenyewe kwamba jina lake lilitafutwa na aliyefunguliwa ni mtu mwingine. Na njia hiyo inapita juu ya mwanamke aliyenivika koti.

Nimemwandikia Bwana Harjit sasa hivi, hapa hapa. Nimeomba dakika chache kesho kabla wenzangu hawajafika. Nitaanza kwa kusema nilikuwa kwenye meza ile, kwamba faili hili halifai kuwa mikononi mwangu. Halafu nitamwonyesha kimya cha redio na mwaka wa kuzaliwa.

Amejibu: "Sawa. Mimi tafika mapema."

Basi imekwisha. Siwezi kuirudisha.

Kuanzia kesho nadhani nitakatazwa kuzungumza na Mama Imani, na wengine hawatataka kuzungumza nami. Kwa hiyo mkinitafuta, msipige simu, nitaizima. Msiandike kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, Shiru yumo. Ukurasa huu nitaufuta kabla sijalala. Wewe wa Leeds, kama unaweza, panda treni Jumamosi uje, bila kunitaarifu. Kengele yetu imeharibika, gonga dirisha la chini, kwa nguvu. Nikikawia kufungua, usiondoke.