Kifumbu Changu na Samaki Wako

Baba Raudha,

Usichomeke pampu! Soma kwanza mpaka mwisho, usiruke mistari kama kawaida yako.

Samaki wako wa baharini wapo bafuni, kwenye ndoo ya bluu, na kile kimashine cha hewa cha betri nimewawekea. Zulia la sebuleni liko uani, linanuka pwani. Utalifua mwenyewe.

Asubuhi uliondoka ukijisifu umeboresha uchujaji. Hukusema umeuboresha kwa kifumbu changu cha tui! Umekifunga kwenye bomba linaloshusha maji kutoka kwa samaki hadi tangi la chini, na machicha ya nazi bado yamo. Saa tatu kikaziba. Maji hayashuki, na pampu yako inazidi kuyapandisha mpaka yakamwagika. Natoka kuanika nguo, namkuta mwanao kasimama kwenye maji ya chumvi, miguu pekupeku, hatua mbili kutoka kwenye ekstensheni ya pampu. Nilizima umeme wa nyumba nzima.

Wali upo kwenye sufuria, mkavu. Tui ningelichujia nini, soksi yako?

Mie sinki langu la jikoni limeziba tangu Ramadhani. Kila siku nabeba maji machafu kwa beseni hadi nje, nikikwambia unasema huna nafasi. Samaki wamepata bomba jipya kwa asubuhi moja.

Tuko kwa mama, Segerea. ~~Tutarudi kesho jioni.~~ Tutarudi sinki likizibuka.

Mama Raudha