Kifuniko cha Mkoba wa Vendel

Debrecen, Mei 1809

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za mume wangu Lőrinc. Goti linakusumbua bado? Na yule jogoo wa jirani anayekukatizia usingizi, hajachinjwa tu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa akili sina hakika, na ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kikosi cha farasi cha mjukuu wako Vendel kimekwenda kupigana na Wafaransa. Baridi ilipokuwa inaisha, kanali wao alituagiza mikoba mipya ya risasi ya kikosi kizima. Lőrinc alifurahi hadi akaimba. Mimi nilifurahi mpaka nilipoona mchoro. Mkoba mwembamba kama wa bibi harusi, na kifuniko kinaishia katikati ili urembo wa shaba uonekane.

Baba, kazi hii nimeijua mikononi mwako. Babu alibeba risasi, zile za kufungwa na baruti yake ndani ya karatasi, kwenye kifuko kiunoni, kikawa kinampiga paja farasi akikimbia, na nusu zinamwagika njiani. Ndipo mkoba ukahamishiwa mgongoni kwa mkanda wa begani. Ndani mkatia kibao chenye matundu, kila risasi na tundu lake, kibao kikapasuka, wewe ukaweka bati. Kisha vijana wakarudi kutoka kwenye mvua na baruti iliyogeuka uji, ukarefusha kifuniko mpaka kikafunika mkoba wote. Watu mmeumiza vichwa miaka na miaka, halafu anatokea mtu na kalamu ya risasi, na risasi anayoijua ni hiyo ya kalamu tu.

Nilimwambia Lőrinc kwamba mvua ikinyesha baruti italowa. Akanijibu, “Mke wangu, wewe shona. Mkubwa anataka king’ae, sisi ni nani?” Nikamuuliza kama Mfaransa akija mwanetu Vendel atamrushia huo mng’aro. Akachukua kofia akaenda kunywa. Basi nikabaki kumsema kanali, sokoni, kisimani, hadi mlangoni pa kanisa.

Siku moja Vendel akaja kuikagua mikoba, akanikuta katikati ya matusi yangu. Akaiva uso. “Mama, nyamaza basi, unaniaibisha. Mchoro ni wangu.” Alikuwa amepima mkoba wa kanali mwenyewe wakati anaupiga rangi. Kanali akaupenda mchoro, akamwahidi usajini. Nikamuuliza kanali anaweka nini humo ndani. “Tumbaku,” akasema, “na kitana.”

Ilibidi nikae chini. Mwanangu wa kumzaa amechukua vipimo vya mkoba wa vita kwenye mkoba wa tumbaku. Nilimsihi aurekebishe. Akasema hayo ni mambo ya kizamani ya babu, na kama nataka abaki koplo mpaka azeeke niseme.

Sasa sikia nilichokifanya. Nilibeba mikoba miwili, mmoja wa mchoro wake na mmoja wa kwako, nikaenda kambini. Nikaimwagia maji ndoo nzima mbele ya kanali na maofisa wake. Risasi za mkoba wako zilitoka kavu. Za mkoba wa Vendel zilitoka uji. Maofisa wakacheka sana. Kanali hakucheka. Akauliza upumbavu ule aliuchora nani, kana kwamba hajui. Vendel alikuwa amesimama pale pale, ameshika hatamu za farasi.

Kanali akaamuru vifuniko virefu. Usajini ukaota mbawa, na ukoplo akavuliwa siku ile ile. Nilijua atakuwepo, baba. Nilimwona kabla sijainua ndoo, nami nikamwaga.

Walipoondoka kwenda vitani walipita mbele ya mlango wetu. Lőrinc alimpungia Vendel mkono, nikamwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka. Nilichokiona mpaka wanapotelea kwenye kona ni mkoba mgongoni mwake, na kifuniko kimefunga vizuri hadi chini.

Barua niliyomwandikia imerudi haijafunguliwa. Tafadhali mwandikie wewe, wewe anakusikiliza. Usimwambie kwamba nimejuta, maana sijajuta. Muulize tu kama huko mvua inanyesha.

Nisalimie wote nyumbani, na goti ulikande kwa mafuta ya moto bila ubishi.

Ni mimi binti yako, mwenye kukuheshimu,
Orsolya