Bembea ya Mnadani Nyamongo

Mjukuu wangu Wegesa,

Marahaba. Huku Gorong'a hatujambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unasema huko Ulaya wewe na wenzako mnaandikiana kwenye simu kuhusu kuwahi meza za chakula kwenye bustani ya michezo, na kuzililia bembea za zamani zilizokwisha kuondolewa. Chakula cha kuwekea nafasi kabla njaa haijaja kinanitia mashaka. Ila umeuliza kama nami nina bembea ninayoikumbuka. Ninayo.

Nilipokuwa msichana, mgeni mmoja alileta bembea ya kuzunguka kwenye mnada wa ng'ombe pale Nyamongo. Mama akanishika mkono.

"Huyu ni mwizi. Anatuzungusha ili wenzake wachague ng'ombe wetu."

Akamwamuru yule mgeni apande kwanza. Akapanda, vijana wakamsukuma. Mama akakagua kila mnyororo, ndipo tukapanda. Alifumba macho, kisha nikamsikia anacheka kama mtoto.

Yule mgeni hakuja tena. Lakini kila mnada mama alipita pale ilipokuwa bembea, akasimama. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Naangalia kama yule mwizi amerudi," akasema, na hakuondoka mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Mimi bibi yako,
Bhoke